Majivu Yaokoe Mchanga, Yasitie Sumu Visimani

Kila mtaro wa bomba uchimbwapo mjini hufukiwa kwa mchanga, na mchanga wa Unguja si mali isiyokwisha: mashimo yaliyoachwa mashamba ni ushahidi tosha.

Huko Marekani wahandisi wamekwisha kuzoea kufukia mitaro kwa ujiuji wa maji, saruji kidogo, na majivu ya makaa ya mawe kutoka vituo vya umeme, au vumbi la machimbo ya kokoto. Ujiuji huo hujipenyeza wenyewe kila upenyo, bila kushindiliwa. Ukiganda, nao ukawa wahimili mzigo usiozidi kilo 3 kwa sentimita moja ya mraba, fundi aweza kuuchimbua tena kwa sururu bomba lipasukapo.

Hivyo taka hugeuka mali. Lakini hatuna budi kuwa na hadhari. Majivu hayo huweza kuwa na madini ya sumu, kama aseniki na risasi, nasi twanywa maji yaliyochujwa na mawe ya matumbawe. Serikali na ianze na vumbi la machimbo yetu wenyewe. Majivu ya kuagizwa yapimwe maabara kwanza. Tukiokoa mchanga kwa kuharibu visima, tutakuwa tumefukia shimo moja na kuchimba jingine.