Semmelweis na Mikono ya Waganga

Tukitaja watu mashuhuri wa Ulaya, tusimsahau Ignaz Semmelweis, aliyezaliwa Buda, nchi ya Hungaria, mwaka 1818. Mwaka 1846 aliwekwa kuwa mganga msaidizi katika hospitali kubwa ya Vienna.

Huko palikuwa na nyumba mbili za wazazi. Katika ya kwanza walifanya kazi waganga na wanafunzi wao. Katika ya pili, wakunga. Mwaka ule, katika nyumba ya kwanza, kwa kila wanawake 100 wapata 11 walikufa kwa homa ya uzazi. Katika ya pili hawakufika 3. Kwa sababu gani?

Mwaka 1847 rafiki yake Kolletschka alichomwa kidole kwa kisu cha kupasulia maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa wazazi. Ndipo Semmelweis alipofahamu: waganga walitoka kwenye maiti, wakaenda kuwagusa wazazi. Akaamuru wote wanawe mikono kwa dawa ya chokaa yenye kloro. Mwaka 1848 hawakufika 2 kwa kila 100.

Lakini wakubwa wengi walikataa, maana waliona haya kuambiwa ya kwamba mikono yao iliua. Mwaka 1849 aliondolewa kazini. Akafa mwaka 1865 katika nyumba ya wenye wazimu. Mwaka 1879 Pasteur alionyesha vijidudu vya homa ile.

Sisi tunaosoma tukumbuke: elimu isiyokubali kuonywa yaweza kuua.