Fahamu: Ardhi isiyo na hati itaunganishwa na nini?
Ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi mjini Arua, Uganda, hutunza hatimiliki kwenye mfumo wa taifa wa kompyuta. Vitambulisho viko NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, na kodi iko URA, mamlaka ya mapato. Mifumo hiyo ikisomana, itakuwa vigumu kuuza kiwanja kwa jina la marehemu (iwapo kifo kilisajiliwa). Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya West Nile, eneo ilipo Arua, ni ya kimila. Sheria ya Ardhi ya 1998 iliacha cheti cha ardhi hiyo kwa bodi ya ardhi ya wilaya, na kumbukumbu zake kwenye kaunti ndogo. Wilaya ya Koboko ilimegwa kutoka wilaya ya Arua mwaka 2005, hivyo hata bodi yenyewe ilibadilika. Kuunganisha kompyuta na kuliacha nje daftari la kaunti ndogo ni kuwahudumia wachache wenye hati.

Wapo wanaohofu kwamba ardhi ya ukoo ikiingizwa kwenye mfumo itakuwa mali ya aliyeandikwa jina. Hofu hiyo ina msingi, hasa kwa wajane. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inaruhusu chama cha ardhi ya jumuiya, na inatambua haki za watu wengine juu ya shamba moja. Hatari ipo kwenye programu inayodai mmiliki mmoja tu.