Je, Wajua? Mashimo, Matope na Visiki Chini ya Muthangari

Je, wajua kwamba neno la Kiingereza "pitfall", ambalo kurasa za biashara za magazeti yetu hulitumia kuonya watu kuhusu mikopo na mikataba, hapo kale lilikuwa jina la mtego? Lilikuwa shimo la kweli, lililochimbwa kwenye njia ya mnyama na kufunikwa matawi na majani. Maana ya hatari isiyoonekana ilikuja baadaye. Kiswahili nacho kina jina la mtego huohuo, rima, na jirani yake Mkikuyu huita shimo "irima".

Mkazi wa Muthangari, kitongoji cha magharibi mwa Nairobi, hahitaji kwenda mbali kuyatafuta marima hayo. Mwishoni mwa karne ya 19, upande huu wa magharibi ulikuwa ukingo wa msitu wa Wakikuyu, na ng'ambo yake zilianza mbuga za Wamaasai. Wasafiri wa misafara waliandika kuhusu mashimo yaliyochimbwa katika njia za msituni, vigingi vilivyochongwa ncha vikiwa vimesimamishwa chini yake kumngoja mvamizi. Oktoba 1890 Frederick Lugard alijenga ngome ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki huko Dagoretti, akala kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa eneo hilo. Lugard akaenda zake Uganda. Watu wa Kampuni wakaanza kupora vyakula vya wenyeji, kiapo kikabaki bila maana, na mwaka uliofuata ngome ikaachwa. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa katika ngome nyingine, Fort Smith kule Kabete, akapelekwa kuelekea pwani na kufia Kibwezi. Barabara kuu inayopita kaskazini mwa Muthangari ina jina lake. Kwa maoni yangu hakuna Mkenya anayelieleza neno "pitfall" vizuri kumliko yeye: wapiganaji wake waliyajua mashimo yote ya msitu, naye akaangushwa na urafiki aliouapia.

Je, wajua kwamba maji ya Mto Nairobi yanatoka katika "quagmire" halisi? Neno hilo limeunganisha mtikisiko na tope, nalo leo hutajwa zaidi kwa vita visivyokwisha na kesi zisizoamuliwa. Kinamasi cha Ondiri, pembeni mwa mji wa Kikuyu, ndicho chanzo cha mto huo. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni malisho mazuri. Ukweli ni kwamba majani na mizizi vimefumana na kuwa mkeka unaoelea juu ya maji, na anayeukanyaga huhisi ardhi ikitikisika chini ya miguu. Ng'ombe hawezi kuitofautisha na nchi kavu, na mtoto pia. Wenyeji wanaokilinda kinamasi hiki dhidi ya taka na uvutaji wa maji kupita kiasi wanalinda mto wa jiji zima, na wanastahili shukrani kubwa kuliko wanayopewa.

Na "snag"? Hilo ni kisiki. Katika mito ya Marekani lilitumika kwa shina la mti lililozama, ncha yake ikiwa chini kidogo ya uso wa maji, tayari kutoboa meli ya mvuke. Mwaka 1829 Henry Shreve alianza kutumia Heliopolis, meli ya matumbo mawili iliyoundwa kung'oa visiki hivyo mitoni. Siku hizi neno hilo liko midomoni mwa mafundi na wakandarasi wa Nairobi: kabla ya kukabidhiwa nyumba mpya, mnunuzi huzunguka na "snag list" akiandika mlango usiofunga, kigae kilichopasuka, bomba linalovuja.

Mkulima wa kahawa wa zamani angekuwa na orodha yake, na juu kabisa angeandika thangari. Ndivyo Wakikuyu wanavyoziita nyasi ambazo kwingine huitwa sangari, na Muthangari yenyewe huzikumbusha ukiitamka. Mapadri wa St Austin's, misheni iliyoanzishwa mwaka 1899 upande wa Lavington, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda kahawa karibu na Nairobi. Adui wa shamba kama hilo hukaa chini ya udongo: jembe likikata mzizi wa thangari, kila kipande huchipua upya.

Hatari iliyojificha zaidi katika vitongoji hivi bado haijapata neno lake, wala haimo katika orodha ya mnunuzi wa nyumba. Maghorofa mengi hutegemea visima virefu au maji ya boza, ambayo mara nyingi nayo hutoka visimani. Maji hayo yamepita katika miamba ya volkano na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Nairobi huvuka kiwango hicho. Floraidi haina rangi wala harufu. Meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi mifupa nayo huumia. Mzazi mwangalifu huchemsha maji kwanza, lakini kuchemsha hakuiondoi: maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki yote sufuriani. Maji ya kisima yapimwe maabarani, na mpangaji ana kila sababu ya kudai kuona matokeo.