Diski Iliyoanguka Kutoka Angani

Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha angani Columbia cha Marekani kilivunjika vipande vipande kikiwa njiani kurejea duniani, kiasi cha kilomita 60 juu ya ardhi. Wanaanga wote saba waliokuwamo walifariki. Kwa muda wa siku 16 walikuwa wakifanya majaribio mengi ya kisayansi. Baadhi ya matokeo yalikuwa yamekwisha kupelekwa duniani kwa redio, lakini mengine yalikuwa bado yamo katika diski za kompyuta ndani ya chombo.

Miezi kadhaa baadaye diski moja iliokotwa katika kitako cha ziwa lililokauka, katika jimbo la Texas. Kwa macho haikuwa diski tena, bali bonge la chuma lililoungua. Plastiki zake zilikuwa zimeyeyuka, na vumbi lilikuwa limeingia ndani. Hata hivyo, takriban asilimia 99 ya data zilizokuwamo zilisomwa tena. Je, jambo hilo liliwezekanaje?

Ili kulijibu swali hili, yafaa kwanza kujua diski hufanya kazi namna gani. Ndani ya kikasha cha diski mna sahani moja au zaidi za alumini au kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa madini yenye usumaku. Sahani huzunguka kwa kasi kubwa. Mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika ni ya kawaida. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa kidogo cha kuandikia na kusomea. Kichwa hicho huzigeuza sehemu ndogo mno za utando ziwe na usumaku wa kuelekea upande huu au ule, na kwa njia hiyo huandika tarakimu 0 na 1. Katika diski za siku hizi kichwa huelea nanomita chache tu juu ya sahani. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, ilhali unene wa unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Ndiyo maana chembe moja ya vumbi yaweza kuwa kama jiwe kubwa katika njia ya kichwa hicho.

Uso wa sahani umegawanywa katika vipande vidogo vyenye namba. Kwa kawaida kila kipande hubeba baiti 512 au 4,096. Picha au barua ndefu haiwezi kuenea katika kipande kimoja, hivyo hugawanywa katika vipande vingi, na pengine vipande hivyo hutawanyika huku na huko. Kwa sababu hiyo kompyuta hutunza orodha maalumu inayoonyesha jina la kila faili, mahali linapoanzia, na vipande vyake kwa utaratibu wake. Utaratibu huu mzima huitwa mfumo wa faili.

Msomaji aweza kuifikiria maktaba ambamo kurasa za vitabu vyote zimewekwa katika rafu mbalimbali, na kadi za mkutubi ndizo peke yake zinazoonyesha ukurasa upi wa kitabu kipi uko wapi. Kadi zikiungua, hakuna hata ukurasa mmoja uliopotea, lakini hakuna kitabu kinachoweza kupatikana. Hivi ndivyo inavyotokea mara nyingi umeme unapokatika ghafla wakati kompyuta inaandika. Orodha huharibika, na mwenye kompyuta huambiwa kwamba diski haisomeki, ingawa data zenyewe zimo zote.

Hata kulifuta faili hakuziondoi data zake papo hapo. Katika mfumo wa faili uitwao FAT, unaotumiwa hata leo katika kadi nyingi za kamera, kompyuta hubadilisha herufi ya kwanza ya jina la faili kwa alama maalumu, kisha huandika kwamba vipande vyake sasa ni vitupu. Yaliyomo hubaki palepale mpaka faili jingine liandikwe juu yake.

Hapa ndipo kazi ya mwokoaji wa data inapoanzia. Iwapo orodha imeharibika, yeye husoma vipande vyenyewe, kimoja kimoja, akitafuta alama zinazotambulisha aina za faili. Kwa mfano, picha za aina ya JPEG huanza kwa baiti zenye thamani ya 255, 216 na 255, na huishia kwa 255 na 217. Programu ya uokoaji hutafuta mwanzo huo na mwisho huo, kisha hukata kilichomo katikati. Njia hii hufaulu vizuri ikiwa vipande vya faili vimefuatana, nayo huwa ngumu ikiwa vimetawanyika.

Sasa twaweza kuirudia diski ya Columbia. Diski hiyo ilipelekwa kwa kampuni ya Kroll Ontrack, katika jimbo la Minnesota. Sahani zake zilitolewa, zikasafishwa kwa kemikali, kisha zikawekwa katika kikasha kipya chenye vichwa vizima. Sehemu fulani za sahani zilikuwa zimekwaruzwa, lakini diski ilikuwa imejaa nusu tu, na mikwaruzo iliangukia mahali ambapo hapakuwa na maandishi. Aidha, kompyuta ya jaribio hilo ilitumia mfumo wa DOS, ambao haukuwa umezitawanya data sana. Kazi yote ilichukua siku mbili. Diski nyingine mbili zilizopatikana katika mabaki ya chombo zilikuwa zimeharibika mno, na hakuna kilichosomwa.

Data zilizookolewa zilikuwa za jaribio kuhusu gesi ya zenoni, lililoongozwa na Robert Berg wa taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani. Wanasayansi walitaka kujua kama gesi hiyo, inapokuwa karibu na nyuzi 16.6 za Selsiasi na katika kanieneo maalumu, hupungua uzito wa mtiririko wake inapokorogwa, kama rangi ya ukuta inavyolainika chini ya brashi. Jaribio hilo lilihitaji hali ya kutokuwa na uzito, kwa maana duniani uzito wa gesi yenyewe huigandamiza sehemu ya chini. Matokeo yalithibitisha kwamba ndivyo ilivyo, nayo yalichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Physical Review E. Hivyo sehemu ya kazi ya wanaanga wale saba haikupotea.

Hata hivyo, uokoaji una mipaka. Kipande kilichokwisha kuandikwa upya hakirudishiki. Sumaku iliyopashwa joto kupita kiwango chake, kiitwacho kiwango cha Curie, hupoteza mpangilio wake wote. Na katika diski mpya zisizo na sahani, zinazotumia chipu, diski yenyewe huweza kuvisafisha vipande vya faili lililofutwa muda mfupi baadaye; hapo matumaini huwa haba.

Kutokana na hayo yapatikana mashauri matatu. Kwanza, data zikipotea, kompyuta isiendelee kuandika chochote katika diski ile. Pili, kwanza inakiliwe diski nzima, na uokoaji ufanywe katika nakala. Tatu, diski inayotoa mlio wa kukwaruza izimwe mara moja, wala isifunguliwe nje ya chumba kisicho na vumbi.

Lakini shauri lililo bora kuliko yote ni kuweka nakala mapema, tena mahali pengine. Shule inayotunza alama za wanafunzi katika kompyuta moja tu imeziweka katika hatari isiyo ya lazima.

Jaribio la darasani: Mwalimu aandike hadithi tatu fupi katika kadi 30, kila kadi sentensi moja, kisha azichanganye. Kundi la kwanza lipewe kadi pamoja na orodha ya utaratibu wake. Kundi la pili lipewe kadi peke yake. Wanafunzi wapime muda unaotumiwa na kila kundi kuzipanga, kisha waondoe kadi tano na kujadili ni kitu gani hasa kilichopotea.