Kufungua Hedi Nyumbani: Utangulizi

Kitabu hiki kinahusu kazi ambazo wenye magari wengi huziogopa: kubadili gasketi ya hedi, mkanda wa taiming, klachi, zote zikifanyika uani kwako kwa vifaa vya wastani. Dai langu ni moja: kazi ngumu ya gari huharibika kwenye upimaji mara nyingi kuliko kwenye nguvu za mikono.

Taaluma hii ina deni kwa John Haynes. Mwaka 1965, akiwa katika jeshi la anga la Uingereza huko Aden, alimsaidia mwenzake kufufua Austin-Healey Sprite iliyochakaa. Kitabu cha kiwanda hakikuwafaa watu wasio na karakana. Haynes akaifumua injini na kuiunga upya huku kila hatua ikipigwa picha, na mwaka 1966 akatoa kitabu cha kwanza katika mfululizo wake wa matengenezo. Kwetu, maarifa ya namna hiyo yamekaa zaidi mikononi mwa mafundi wa gereji za mtaani. Mwanahistoria Joshua Grace, katika African Motors (2021), ameyachukulia maarifa ya mafundi wa Tanzania kwa uzito unaostahili, nami nafuata njia hiyo.

Chukua gasketi ya hedi. Gari linachemsha, maji yanapungua na huoni yanapovujia. Wengi hushika spana papo hapo. Subiri kwanza. Rejeta iliyoziba huchemsha gari, themostati iliyokwama huchemsha, feni isiyozunguka nayo huchemsha. Tunachotafuta ni gesi ya mwako ndani ya maji. Kuna dawa ya buluu ya kupimia inayowekwa kwenye kifaa juu ya mdomo wa rejeta, nayo hugeuka njano ikikutana na kaboni dayoksaidi. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ni dalili nyingine, lakini ukiikuta oili safi usitangaze kwamba gasketi ni nzima: inaweza kuungua kati ya silinda mbili bila kugusa njia ya oili.

Kwenye Corolla za zamani zenye injini ya 5A, bloku ni ya chuma na hedi ni ya aluminiamu. Kwa joto lilelile, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi hutaka kutanuka, bolti zinaizuia, mwishowe inapinda. Ndiyo maana rula iliyonyooka na fila geji ni vifaa vya lazima. Kwenye injini nyingi ndogo, kupinda kwa sehemu chache tu za mia za milimita kunatosha kuipeleka hedi ikasawazishwe kwa mashine. Ukiweka gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda umetupa fedha.

Kisha bolti, somo ninalolipenda kuliko yote. Karibu asilimia 90 ya nguvu unayotia kwenye spana huliwa na msuguano, kwenye meno ya bolti na chini ya kichwa chake. Inayobaki ndiyo inayobana hedi. Uchafu kidogo kwenye meno hubadili hesabu yote, hata toki renchi ikilia pale ulipoiseti. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huagiza ukaze kiasi kwanza, kisha uzungushe bolti kwa pembe, mara nyingi nyuzi 90, maana pembe haipotoshwi sana na msuguano. Unakaza kuanzia katikati kwenda nje. Unapofungua, unatoka nje kwenda katikati. Na ukaushe matundu: maji au oili iliyobaki chini haibinyiki, na bolti ikishuka juu yake inaweza kupasua bloku.

La usalama nalisema bila kulizungusha. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi.

Sura ya kwanza haihitaji spana hata moja. Tutafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa kabisa, tutaiwasha, na kuangalia kama mapovu yanatoka mfululizo.