Je, Kompyuta Yako Itauweza Mchezo?

Miongoni mwa nyenzo zinazoweza kumsaidia mwalimu wa lugha ni mchezo wa visa wa kompyuta. Humo mchezaji huongoza mhusika, huokota vitu, huzungumza na watu na kufumbua mafumbo bila haraka. Darasani kompyuta moja yatosha: mmoja hushika kipanya, wenzake humwelekeza kwa Kiswahili. Ufunguo uko wapi? Upo mezani au umo sandukuni? Hapo viambishi -po, -ko na -mo hupata kazi ya kweli.

Tatizo hutokea kabla ya somo. Mwanafunzi hulipia bando, hupakua mchezo usiku kucha, kisha kompyuta haiufungui. Ili kuepuka hasara hiyo, tunapendekeza uchunguzi mfupi, nao huanza kwenye istilahi.

Hapa Bwiza, ambako Kiswahili hukutana na Kirundi na Kifaransa, neno "memori" husikika likitumiwa kwa vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, ambamo programu hukaa zinapoendeshwa. Mara nyingi ni GB 4 au 8. Cha pili ni nafasi ya diski, ambamo mafaili huhifadhiwa, mathalani GB 500. Anayeambiwa "memori 500" akaridhika, ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mchezo unaohitaji RAM ya GB 8 hautakwenda vizuri kwenye mashine ya GB 4, hata diski ikiwa tupu.

Hatua za kufuata ni hizi:

1. Soma mahitaji ya mchezo. Kwa kawaida huwa na orodha mbili: mahitaji ya chini kabisa na mahitaji yanayopendekezwa.

2. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Utaona mfumo endeshi, prosesa na RAM. Katika Windows ya Kifaransa, sehemu ya "Affichage" hutaja kadi ya michoro.

3. Angalia nafasi iliyobaki kwenye diski.

4. Linganisha kipengele kwa kipengele. Kimoja kikipungua, kingine hakikifidii.

Tahadhari mbili zaongezwa. Mfumo endeshi wa biti 32 hauendeshi programu ya biti 64. Aidha, kadi ya michoro iliyomo ndani ya prosesa huazima sehemu ya RAM, hivyo kiasi kinachobakia kwa mchezo hupungua.

Mwenye mashine kuukuu asikate tamaa. Ipo programu ya bure iitwayo ScummVM, inayoendesha michezo mingi ya zamani ya aina hii kwenye kompyuta dhaifu. Mmojawapo ni Beneath a Steel Sky, uliotoka mwaka 1994 na kutolewa bure tangu 2003. Haufiki hata GB 1, na una maandishi ya Kifaransa. Wanafunzi wetu wanaweza kusoma mazungumzo kwa Kifaransa na kuyasimulia kwa Kiswahili, zoezi jema la tafsiri simulizi.

Walimu wenzetu, tunashauri uchunguzi wenyewe uwe somo. Kila mwanafunzi aandike ripoti ya nusu ukurasa juu ya kompyuta anayoitumia, akitenganisha RAM na nafasi ya diski. Atakayeweza kuvitaja kwa majina yake hatadanganyika kirahisi dukani.