BOTI YA MPIRA YA KUJAZA UPEPO: SOMENI KIBAO KABLA YA KUTOA PESA



Shule zikifungwa, familia nyingi za bara huteremka pwani, na watoto karibu wote huwa na ombi moja: kupanda boti. Kikundi kilicho karibu na ufuo, chenye akiba kidogo benki, kikiona hivyo huanza kuulizana: je, tukinunua ile boti nyepesi ya mpira inayojazwa upepo na kufungwa injini nyuma, si tutapata riziki? Na hata familia yenye uwezo hujiuliza vivyo hivyo: kwa nini tukodi kila mwaka?

Swali ni zuri. Boti hii ina faida zake. Inakunjwa ikaingia ndani ya gari, watu wawili wanaweza kuibeba, na hata ikijaa maji bado inaelea kwa sababu ya upepo uliomo. Alain Bombard, daktari wa Ufaransa, alivuka bahari ya Atlantiki kwa boti ya mpira mwaka 1952, peke yake na bila injini. Kwa hivyo mtu asiwaambie kwamba ni mchezo wa watoto.

Lakini ziko boti na boti. Ile ya rangi rangi inayouzwa dukani kwa ajili ya kuogelea kwenye bwawa si boti ya baharini, hata kama imechorwa nanga ubavuni. Hapa chini tutaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuchagua. Neno kubwa la kushika ni hili: msianze na injini, wala rangi, wala bei. Anzeni na watu watakaokaa ndani, mahali itakapotembea, na mikono itakayoibeba.

1. KIBAO KINASEMA NINI?

Boti iliyotengenezwa vizuri ina kibao kidogo, mara nyingi kwenye ule ubao wa nyuma unaoshika injini. Kibao hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Kinataja mambo haya: watu wangapi, kilo ngapi kwa jumla, injini isizidi nguvu za farasi ngapi, na presha ya upepo. Boti zilizotengenezwa kwa sheria za Ulaya zina pia herufi A, B, C au D. Herufi D ni ya maji yaliyokingwa, kama hori au ziwa dogo, yenye mawimbi ya sentimeta 30 hivi, na mara moja moja nusu meta. Herufi C ni ya karibu na pwani, penye mawimbi yasiyozidi meta 2. Boti nyingi nyepesi za familia ni D au C. Ya D isipelekwe nje ya mwamba hata siku moja.

Kuna pia namba ndefu ya boti. Tarakimu mbili za mwisho ni za mwaka wa modeli. Muuzaji akisema boti ni ya juzi na namba inaishia 09, mnajua la kufanya.

Kama kibao kimeng'olewa, muulizeni muuzaji ni kwa nini. Asipokuwa na jibu la maana, rudini nyumbani na pesa zenu.

2. TUPIGE HESABU PAMOJA

Tuseme kibao kinasema watu 4 na kilo 400. Familia imekuja: baba kilo 80, mama 70, na watoto watatu wa kilo 40, 30 na 20. Jumla kilo 240. Ongezeni mwendeshaji kilo 75, injini 27, petroli na tangi lake 12, nanga na kamba 5, maji na chakula 10. Tumefika kilo 369.

Mtu atasema, "Si iko chini ya 400? Twendeni!" La. Watu ni sita, na kibao kimesema wanne. Ni lazima hesabu zote mbili zikubali, ya kilo na ya watu. Kwa usalama mhesabu kila mtoto kama mtu mmoja kamili. Mtoto anahitaji mahali pa kukaa na pa kushika kama mtu mzima, na kwa kweli yeye ndiye anayeinuka ghafla kuangalia samaki.

Kwa hivyo hiyo familia inataka boti kubwa zaidi, au itembezwe kwa zamu mbili, na kila zamu awe na mzazi mmoja.

3. MPIRA WENYEWE

Tunasema "mpira", lakini boti nyingi za bei nafuu ni za plastiki ngumu inayoitwa PVC. Ni nyepesi na rahisi, lakini jua letu linaichosha: inakuwa ngumu, au inaanza kunata. Aina nyingine inaitwa Hypalon. Kampuni iliyokuwa na jina hilo iliacha kuitengeneza mwaka 2010, lakini wengine wanatengeneza kitu cha aina hiyo na mafundi bado wanakiita kwa jina lile lile. Hii ni ghali na nzito kidogo, ila inastahimili jua na petroli kwa miaka mingi zaidi.

Angalieni viungo. Hypalon huungwa kwa gundi. PVC inaweza kuungwa kwa gundi au kwa kuyeyushwa na joto. Kwa nchi ya joto kama yetu, PVC iliyoyeyushwa ni bora, kwa maana gundi yake huachia kukiwa na joto jingi. Pitisheni kidole kwenye viungo vyote. Pakiwa pameinuka hata kidogo, pana shida.

Hesabuni pia vyumba vya upepo. Boti ya baharini iwe na vyumba viwili au vitatu vilivyotengana, ili kimoja kikitoboka vingine viwashikilie mpaka ufuoni.

4. SAKAFU

Hapa ndipo uzito unapoamuliwa.

(a) Sakafu ya vipande vya mbao vilivyopangwa. Nyepesi na rahisi, lakini inayumba. Inafaa injini ndogo sana.

(b) Sakafu ya upepo. Hujazwa presha kubwa mpaka inakuwa ngumu kama ubao. Boti ya meta 3 yenye sakafu hii huwa na kilo 30 na kitu. Adui zake ni ndoana, kisu na matumbawe.

(c) Sakafu ya mbao nzito au alumini. Ni imara na inachukua injini kubwa zaidi, lakini uzito hufika kilo 50 na zaidi. Mchanga ukiingia katikati ya mbao, unasaga mpira polepole bila nyinyi kujua.

(d) Tako gumu la faiba au alumini, na mpira pembeni tu. Hii ndiyo inayokata mawimbi vizuri kuliko zote. Lakini haikunjwi na inataka trela.

Kwa familia inayosafiri na boti ndani ya gari, (b) ndiyo inayofaa wengi. Kwa kikundi kitakachobeba abiria kila siku ya msimu, tunawashauri mfikirie (d), au hata boti ya kawaida ya faiba. Boti ya kukunjwa haikutengenezwa kwa kazi ya matatu.

5. INJINI NA MIKONO YA KUBEBA

Watu wengi hutaka injini kubwa. Fikirini kwanza ufuo wenyewe. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupwa kama meta 3 kwenda chini, na mahali pengine mnatembea mwendo mrefu juu ya mchanga na mawe kabla ya kufikia maji. Boti kilo 35, injini kilo 27, tangi la petroli, nanga: vyote vinabebwa. Injini ya farasi 5 au 6 ya kisasa isiyochanganywa petroli na oili ina kilo 25 hadi 27, na mtu mmoja mwenye nguvu anaibeba. Ya farasi 15 ya aina hiyo hufika karibu kilo 50. Hiyo ni ya watu wawili, na mgongo wa mtu utalalamika. Kuna magurudumu madogo ya kufungwa nyuma ya boti, yanasaidia sana.

Farasi 6 kwa boti ya meta 3 itawatembeza polepole, na kwa familia polepole inatosha. Ikienda kwa nguvu zote inakunywa kama lita 2 kwa saa. Gawanyeni petroli mafungu matatu: fungu moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu la dharura ambalo haliguswi.

Pimeni pia urefu wa mguu wa injini. Mguu mfupi ni wa ubao wa nyuma wenye sentimeta 38 hivi, mrefu ni wa sentimeta 51. Mguu mrefu kwenye boti fupi utagonga mwamba. Mfupi kwenye boti ndefu utanyonya hewa.

Na kila mara makasia yawe ndani ya boti. Boti hii ni nyepesi, upepo unaisukuma kama jani. Injini ikizimika, hamna muda wa kubishana.

6. KAMBA INAYOOKOA

Kila injini ya namna hii ina kamba nyekundu iliyojikunja. Ncha moja inashika swichi ya injini, ya pili inafungwa mguuni au mkononi mwa mwendeshaji. Akianguka, kamba inavutika na injini inazimika.

Mwezi wa Mei 2013, huko Padstow, kusini-magharibi mwa Uingereza, familia ya watu sita ilikuwa katika matembezi kwenye boti yenye mpira pembeni na tako gumu. Boti ilikata kona kwa kasi, wote sita wakatupwa majini. Kamba haikuwa imefungwa kwa mtu. Injini iliendelea, boti ikazunguka na kuwagonga pale pale majini. Baba na binti yake wa miaka minane walifariki, na wengine wakaumia vibaya. Ile kamba ilikuwepo. Kuifunga ni kazi ya sekunde mbili.

Jaketi za kuokoa maisha ni kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiingia majini. Mpandisheni kidogo kwa mabega ya jaketi: kama inapita kidevu na masikio, si yake.

7. KABLA YA KULIPA

Jazeni boti mpaka presha ya kibao, kwa kawaida pauni 3 na nusu hivi kwa mirija ya pembeni. Gari dogo linajazwa kama pauni 30, kwa hivyo msipeleke boti kwenye pampu ya petroli stesheni, itapasuka. Tumieni pampu yake yenyewe na kipimo. Kisha pakeni maji ya sabuni kwenye viungo na valvu, jinsi fundi wa baiskeli anavyotafuta pancha. Iacheni kivulini mpaka kesho, saa ile ile, mpime tena. Muuzaji asiyekubali ngoja ngoja hii ana sababu yake.

Mkumbuke pia joto. Boti iliyojazwa asubuhi ikiachwa juani ufuoni, upepo wa ndani unapanuka. Ukitoka nyuzi 25 kwenda 50, ile pauni 3 na nusu inafika karibu 5. Ikitoka majini, ipunguzeni kidogo au iwekeni kivulini.

Nyumbani, isuuzeni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikauke, ikae chini ya makuti mbali na jua na panya. Injini nayo ipitishwe maji hayo kila baada ya safari.

8. KIKUNDI KIKITOZA NAULI

Familia ikitembea na boti yake ni jambo moja. Kikundi kikipokea nauli ni jambo lingine. Boti ya abiria inatakiwa kukaguliwa na kupata leseni ya Kenya Maritime Authority, na mwendeshaji awe na cheti. Mkiingia hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, kuna masharti na ada za KWS. Wekeni gharama hizi kwenye hesabu kabla ya kununua, pamoja na bima, jaketi, petroli na akiba ya kununua boti nyingine hii ikichakaa. Kikundi kikihesabu bei ya boti peke yake, msimu wa pili huwa ni wa kuulizana pesa zilienda wapi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Tutabeba watu wangapi kwa safari moja, na kibao kinakubali?
2. Maji yakipwa, nani atabeba boti na injini, na umbali gani?
3. Ni nani kati yetu anaijua milango ya mwamba, bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi? Yeye ameulizwa maoni yake?
4. Nani ana mamlaka ya kusema "leo hatutoki", hata wageni wakiwa wameshalipa?
5. Tukikosa abiria msimu mzima, kikundi kitasimama?

Swali la nne likikosa jibu, ahirisheni kununua mpaka lipatikane.